Mwalimu Anajibu: Rafiki yangu haji tena chamani

SWALI: Shikamoo Mwalimu. Mimi ni mjane, nauza omena (dagaa) soko la Kibuye hapa Kisumu. Nina rafiki tulioanza naye biashara mwaka 2003. Yeye huuza mitumba safu ya pili kutoka kwangu. Mume wangu alipofariki, alifunga kibanda chake siku nane akakaa nami mpaka tukazika. Tuko chama kimoja cha kuchangiana na kanisa moja.

Juni 2024 vijana walipoandamana kupinga Mswada wa Fedha, ule wa kuongeza kodi, mwanawe alikuwa miongoni mwao. Siku waliyoingia Bungeni kule Nairobi, niliandika kwenye kundi la chama kwamba hao ni watoto waliokosa kufunzwa nyumbani, nikaongeza Warumi 13, ile ya kutii mamlaka. Hakujibu kitu. Tangu hapo mchango wake wa chama humtuma mtu kuuleta, na sokoni tunasalimiana kama abiria wa matatu. Binti yangu anasema nimwombe msamaha. Lakini mimi bado naamini mamlaka yatoka kwa Mungu. Nikiomba msamaha, si nitakuwa nimeikana imani yangu?
— Mama wa Omena, Kisumu

JIBU: Marahaba, dada yangu.

Usije ukadhani unaandikia mtu wa upande wa pili. Mimi ni mtu wa kale. Nimeshika chaki miaka 34 katika shule za msingi za Nakuru, na mpaka leo naamini kodi hulipwa, mkubwa huamkiwa, na duka la mtu halichomwi kwa sababu mwingine amekasirika. Tarehe 25 Juni nilipowaona vijana wakiingia Bungeni nilizima televisheni. Kesho yake Rais akakataa kuutia saini mswada ule, na mjukuu wangu akanipigia simu: "Guka (yaani babu), sasa unasemaje?" Nilimwambia mtandao unasumbua.

Kwa hiyo kwa siasa, mimi nawe benchi letu ni moja. Lakini uliandika mambo mawili, na barua yako inayahesabu kuwa moja. La kwanza ni la mamlaka, hilo ni imani yako, kaa nalo. La pili ni "waliokosa kufunzwa nyumbani". Nyumbani kwa nani? Kundi zima la chama lilijua ni mtoto wa nani aliyekuwa barabarani siku hiyo. Hapo uliacha Bunge ukaingia jikoni kwa mwenzako, tena mbele ya watu.

Nayajua haya kwa sababu niliwahi kuyafanya. Nina rafiki Mwislamu pale Bondeni, fundi wa baiskeli. Januari 2008 mji wetu ulipowaka kwa ghasia za baada ya uchaguzi na watu wakakimbilia uwanja wa maonyesho, yeye ndiye aliyetupitisha vichochoroni, mimi na mke wangu na watoto, tukalala kwake usiku tatu. Sasa songa mpaka 2010, kura ya maoni ya Katiba. Unakumbuka: kijani kwa Ndiyo, nyekundu kwa La. Makanisa mengi yalikuwa nyekundu, nami nikawa nyekundu mpaka soksi, kwa sababu ya kifungu cha 26 kuhusu utoaji mimba na kifungu cha 170 kuhusu mahakama za Kadhi. Jumamosi moja nikiwa kinyozini, povu kidevuni, nikatangaza kwa sauti ya darasani kwamba "hawa watu" wanataka kutuletea mahakama yao. Kwenye kioo nikamwona fundi wangu ameketi nyuma, anangoja zamu yake. Alikunja gazeti taratibu, akatoka bila kunyolewa.

Hawa watu! Miaka miwili na nusu tu baada ya hao watu kunitandikia mkeka.

Ilinichukua siku kumi kumwendea, na hofu yangu ilikuwa hiyo hiyo yako, kwamba nikiomba radhi nitakuwa nimebadili kura. Nilimwambia, "Kura yangu bado nyekundu. Kwa kifungu cha 26 sirudi nyuma. Lakini lile neno la kinyozini nalitoa, na nimekuja kulitoa hapa kwako." Akanimiminia chai ya tangawizi. Akasema nyekundu ni rangi ya Arsenal, atanilaumu vipi? Kisha ndipo akanieleza, bila kunikejeli, kwamba mahakama za Kadhi zimo katika Katiba tangu uhuru wa 1963, na kwamba kazi ya mahakama hizo ni ndoa, talaka na urithi baina ya Waislamu wenyewe waliokubali kwenda huko. Miaka 34 ya kufundisha, mingine nikifundisha hata uraia, na hilo sikuwa nimelisoma! Agosti 4 tukapiga kura, upande wake ukapata kama asilimia 67, nami nikashindwa. Kifungu cha 26 tunabishana mpaka leo.

Kuhusu Warumi 13, nakuomba uifungue tena. Sisi watu wa utaratibu tuna tabia ya kuisoma mpaka mstari wa 7, ule wa "mtu wa kodi, kodi", halafu tunafunga kitabu. Mstari wa 8 unaanza: "Msiwiwe na mtu cho chote, isipokuwa kupendana." Siku nane kibanda cha mitumba kilifungwa kwa ajili ya msiba wako. Mfanyabiashara kama wewe anajua siku nane za Kibuye ni pesa ngapi.

Na tena, wewe ni wa Kisumu. Wazee wa hapo watakuwa wamekusimulia habari za Askofu Henry Okullu wa Dayosisi ya Maseno Kusini. Warumi 13 aliijua kuliko mimi na wewe, na bado aliukemea upigaji kura wa mlolongo, ule wa kupanga foleni nyuma ya mgombea wako, bila kuuma maneno. Mwaka 1988 mimi nilisimama katika mlolongo mrefu, tukatangaziwa kwamba ule mfupi umeshinda. Nikaenda nyumbani nikanyamaza, na kunyamaza huko nikakuita utiifu. Siku hizi sina hakika kama kule kulikuwa utiifu. Sisemi hivi ili ugeuke uwe mwanaharakati, Mungu apishie mbali. Ila mama mwenzako anaweza kuisoma Biblia ile ile na mwanawe akawa barabarani.

Sasa, namna ya kwenda. Usitume ujumbe wa simu. Usimtume mwenyekiti wa chama wala mke wa mchungaji. Nenda nyumbani kwake jioni, kwa miguu yako. Usiende mikono mitupu, lakini usibebe gorogoro ya omena. Omena ni biashara yako, itaonekana kama unalipa faini. Beba sukari na majani ya chai. Mwambie ulikosea kuyagusa malezi yake. Akikuuliza kuhusu maandamano, mjibu ukweli wako, usiupake asali. Na kwa kuwa tusi lilisemwa kwenye kundi, kesho yake liondoe kwenye kundi hilo hilo, sentensi moja, bila mstari wa Biblia.

Jambo la mwisho, na ndilo lililonifanya nisome barua yako mara ya pili. Umeniambia mwaka mlioanza biashara, umeniambia hata safu ya kibanda chake. Hukuniambia kama kijana yule alirudi nyumbani salama. Wako waliozikwa mwaka ule. Kabla hujaweka sukari mezani, muulize mama yake hilo.