Malaria ya mtoto: mtazame mwenyewe, si karatasi ya maabara tu

Pole dada. Umesema mwanao wa miaka 4 amerudi huku Makete kwenye baridi kutoka kwa bibi yake Kyela, kule kwenye joto na malaria zaidi, kipimo kimeonyesha malaria, na unataka kujua kama itamzidi.

Usikae na namba ya vijidudu vya malaria kwenye damu tu. Vikiwa vingi sana ni hatari kweli, ila vichache si kinga: vingine hunata ndani ya mishipa midogo ya damu, na tone la kidoleni haliwezi kuvionyesha. Kuna hesabu fupi ambayo madaktari hutumia kwa watoto wa Afrika. Je, amepoteza fahamu? Ameshindwa kukaa mwenyewe? Anapumua kwa kina, kwa shida? Kila "ndiyo" ni alama moja, na alama zikiongezeka hatari ya kifo inapanda. Hiyo ya kupumua, huku kwetu kwenye baridi, wengi huidhania ni nimonia.

Hata "ndiyo" moja, au degedege, viganja vyeupe, macho ya njano, mkojo mweusi au kutapika kila dawa: nendeni hospitali usiku huohuo, huko atachomwa sindano ya artesuneti, dawa ya malaria kali. Mtoto aliyekulia baridini hana kinga ya wenzake wa Kyela, anaweza kubadilika ndani ya siku moja. Sukari nayo hushuka. Kama yuko macho na anameza vizuri, mpeni uji njiani.

Ikiwa bado anakaa, anakula na kucheza, amalize dawa ya mseto siku zote 3, ameze pamoja na maziwa au chakula chenye mafuta, na usiku muamshe umwangalie.