Ngumi kwenye hoki ya barafu: mtoto apelekwe uwanjani au abaki nyumbani?

Mkuu, umeuliza mawili: inakuwaje wachezaji wazichape refa akiwatazama, na kama ni busara kumpeleka mwanao wa miaka minane kwenye mechi mliyoalikwa. Nimefanya kazi ya kuelekeza watu kwenye viti katika uwanja mmoja wa hoki huku Kanada kwa misimu kadhaa, kazi ambayo unalipwa kuupa mgongo mchezo na kuwatazama watazamaji. Mpeleke. Ngumi hazitamfikia. Mimi nachohofia ni kile kisahani cheusi wanachokipiga.

Nianze na ngumi maana ndizo zinazotisha watu. Kwenye NHL, ligi kuu ya Marekani na Kanada, kupigana ni kosa, ila adhabu yake ni nyepesi. Kila mpiganaji anakwenda kukaa dakika 5 kwenye kibanda cha adhabu, na kwa kuwa wameadhibiwa wote wawili, timu zinaendelea na idadi ileile ya wachezaji. Akibainika aliyemchokoza mwenzake, anaongezewa dakika 2 na nyingine 10 juu yake. Anayejiingiza akawa wa tatu anatolewa mchezoni, na wa kwanza kuruka kutoka benchi kwenda kusaidia anafungiwa mechi 10. Kwa hiyo zile vurugu za timu nzima za zamani hutaziona, na mechi nyingi siku hizi zinaisha bila hata pambano moja.

Likitokea, usiwatazame wapiganaji, watazame marefa wa mistari. Wanazunguka taratibu, wanasukuma kwa miguu magongo na glovu zilizotupwa chini ili mtu asijikwae, na wanasubiri. Mgeni huona kama wameridhia. Ukweli ni kwamba ukimkamata mmoja mapema, mwingine anampiga wakati mikono yake imeshikwa. Wanangoja mmoja aanguke au wote waishiwe pumzi, kisha wanaingia kwa pamoja, kila mmoja na wake.

Na hapo kwenye kuanguka ndipo penye hatari, kuliko kwenye ngumi yenyewe. Mtu amesimama juu ya vyuma vyembamba, chini ni barafu, mikono ina kazi nyingine kwa hiyo hawezi kujikinga. Mwezi Januari 2009 kijana wa miaka 21 aliyekuwa akichezea timu ya Whitby, Ontario, alifariki baada ya helmeti kumtoka kwenye pambano na kichwa kugonga barafu. Baadaye NHL ikaweka adhabu ya ziada kwa anayevua helmeti yake kabla ya kupigana. Halafu kuna madhara yasiyoonekana siku hiyo: Derek Boogaard, aliyejulikana zaidi kwa ngumi zake kuliko magoli, alifariki 2011 akiwa na miaka 28, na ubongo wake ulipochunguzwa ulikutwa na ule ugonjwa unaotokana na kupigwa kichwa mara kwa mara.

Wazee wa hoki watakwambia kwamba bila wababe hao, mafundi wa timu wangevunjwa mbavu kila wiki. Hoja hiyo nimeisikia sana, sijawahi kuikubali. Kwenye Olimpiki ukipigana unatolewa, na hoki ya pale ni tamu kupita kiasi. Ligi ya vijana ya Quebec nayo tangu 2023 inamtoa anayepigana, na mchezo haujafa.

Ugomvi kuvuka kile kioo kinachozunguka uwanja na kuwafikia watazamaji? Umewahi kutokea. Desemba 1979 kule Madison Square Garden, New York, wachezaji wa Boston walipanda jukwaani, na Mike Milbury akampiga shabiki kwa kiatu cha shabiki mwenyewe. Mwaka 2001 kule Philadelphia shabiki aliegemea kioo akimtukana Tie Domi aliyekuwa kwenye kibanda cha adhabu, kioo kikaachia, jamaa akadondokea ndani. Unaweza kukisia yaliyomkuta. Hayo yanasimuliwa hadi leo kwa sababu ni nadra.

Sasa kisahani. Kimetengenezwa kwa mpira mgumu, kina uzito wa gramu 170 hivi, na hugandishwa kabla ya mechi ili kisidunde ovyo. Ukikishika kikiwa ndiyo kwanza kimetoka barafuni utadhani umeokota jiwe la mtoni. Wapigaji wakali wanakitoa kwa kasi inayopita kilomita 160 kwa saa. Machi 2002 kule Columbus, Ohio, msichana wa miaka 13 aliyekuwa amekaa jukwaani kilimpata kichwani. Alitembea mwenyewe kwenda kwenye huduma ya kwanza. Siku mbili baadaye akafariki. Kuanzia msimu uliofuata NHL ilizitaka timu zote kuweka nyavu juu ya kioo nyuma ya magoli.

Ila nyavu hizo ziko kwenye ncha za uwanja. Pembeni hakuna, na kioo cha pembeni ni kifupi kuliko cha nyuma ya goli. Upande niliokuwa nikisimamia ulikuwa huo wa pembeni. Jioni moja kisahani kilimparaza beki kwenye gongo, kikapaa, kikapasua mgongo wa kiti ambacho mwenyewe alikuwa amekwenda msalani. Jirani yake, bia mkononi na macho kwenye simu, alishtuka baada ya plastiki kulia. Kisha wakaanza kukigombania, maana kikitua jukwaani ni chako.

Kwa hiyo ukiweza kuchagua, chukua viti vya nyuma ya goli chini ya wavu, au vya juu kabisa. Mkipangiwa pembeni nendeni tu, ila mweleze mtoto kwamba kisahani kikiwa kinachezwa hakuna kugeuka kuongea, na simu yako ibaki mfukoni. Muwe makini zaidi wakati wa kupasha misuli, kwa kuwa visahani vinarushwa vingi kwa mpigo na watu bado wanatafuta viti. Asiegemee kioo wala kukipiga makofi. Kinatikisika kweli mchezaji akibamizwa. Mhudumu akikuzuia juu ya ngazi hadi filimbi ipulizwe, usimkasirikie, hataki ushuke ukiwa umeupa mchezo ubavu. Na yeyote akigongwa kichwani, hata akisema yuko sawa, aende hospitali usiku huohuo.

Makoti mazito msisahau, kule ndani ni baridi.