Maswali ya Wasomaji: Wastani wa mvua, upande wa kimbunga na kopo la mwalimu

*Wahariri, habari za kazi. Msimu uliopita redio ilisema mvua zitakuwa za wastani hadi juu ya wastani. Mahindi yangu yalikauka yakiwa yamefika magotini. Hao wanasayansi wakubwa wa hali ya hewa wanafanya kazi gani hasa? – Mkulima, Tandahimba*

Pole sana, mkulima wetu. Neno lililokuponza ni "wastani". Chukua jumla za mvua za miaka 30 (sasa hutumika 1991 hadi 2020), uzipange kuanzia mwaka mkavu kuliko yote. Miaka kumi ya mwanzo ndiyo chini ya wastani, kumi ya katikati ni wastani, kumi ya mwisho ni juu ya wastani. Utabiri ukitoa, tuseme, asilimia 45 kwa juu, 35 kwa wastani na 20 kwa chini, upungufu bado una nafasi moja kati ya tano. Redioni husomwa mafungu mawili makubwa, na ile 20 huachwa. Tena hiyo ni jumla ya msimu mzima. Zikinyesha milimita 200 kwa wiki moja kisha jua likawaka siku 20, jumla itatimia na mahindi yatakufa.

Kompyuta zinafanya hesabu, lakini hukumu ni ya mwanasayansi mwandamizi. Kituo cha Ulaya cha utabiri wa hali ya hewa, ECMWF, huendesha modeli yake ya msimu (programu ya kompyuta inayoiga anga na bahari) mara 51 kila mwezi, kila mara ikianza na hali ya anga na bahari iliyotofautiana kidogo tu, kwa sababu mwanasayansi wa hali ya hewa Edward Lorenz alionyesha mwaka 1963 kwamba tofauti ndogo ya mwanzoni hukua hadi kuharibu utabiri. Mwandamizi huzijaribu modeli kwa miaka iliyopita, ambayo majibu yake yanajulikana, akalinganisha na vipimo vya vituo vya huku. Iliyozoea kukosea kusini huipunguzia uzito.

Na kusini ni pagumu kweli. El Niño, yaani joto lisilo la kawaida la Bahari ya Pasifiki, ikija, vuli ya kaskazini mwa Tanzania na Kenya huelekea kuongezeka, wakati Zimbabwe na kusini mwa Zambia huelekea kukauka. Mtwara na Lindi zimekaa katikati ya mzani huo, dalili zinafika hafifu. Ndiyo sababu wataalamu wetu hushiriki mabaraza mawili ya utabiri, la nchi za SADC lililoanza 1997 na la Pembe ya Afrika lililoanza 1998. Isitoshe, modeli niliyoitaja huona nchi kwa miraba ya kilomita 36 hivi. Ule ukingo wa Newala unaoporomoka kuelekea bonde la Ruvuma, kwake ni mteremko mpole.

Kwa hiyo usipande kwa mvua ya kwanza. Kanuni inayotumika sana ni milimita 20 ndani ya siku zisizozidi tatu, bila kufuatiwa na ukavu wa siku kumi mfululizo katika siku 30 zijazo. Hizo 30 huwezi kuzijua, basi soma taarifa ya siku kumi ya Mamlaka ya Hali ya Hewa, chimba shubiri moja uone kama unyevu umefika, na usimalize mbegu zote siku moja.

*Shikamooni. Mwaka 2019 tulitahadharishwa juu ya kimbunga Kenneth, kikapiga Msumbiji. Mwaka 2024 Hidaya kikatua Mafia, Kilwa nayo ikaumia. Wataalamu walikosea? – Mvuvi, Mikindani*

Marahaba. Hawakukosea. Kusini mwa ikweta upepo wa kimbunga huzunguka kama mshale wa saa. Kikija kutoka baharini kuelekea magharibi, walio kusini mwa kitovu hupigwa na upepo wa baharini unaosukuma maji nchi kavu, na walio kaskazini hupata upepo wa kutoka bara. Kenneth, Aprili 25, kilipita kusini ya Mtwara, nanyi mkabaki upande wenye nafuu. Hidaya kilipita kaskazini ya Kilwa, Kilwa ikawa upande mbaya. Mvua haifuati mpaka huo: ndiyo iliyokata barabara kuu ya kusini eneo la Somanga.

Siku tatu kabla, kukosea njia ya kimbunga kwa zaidi ya kilomita 100 ni kawaida, na kosa hilo laweza kuwahamisha kutoka upande mmoja hadi mwingine. Anayesaini tahadhari anajua hivyo. Msiseme vimbunga havifiki kwetu. Aprili 1952 kimoja kilipiga Lindi yenyewe.

Tahadhari ikiwa imetolewa, upe upepo mgongo: kitovu kiko upande wako wa kulia. Bila tahadhari usiitumie kanuni hii, kusi la kawaida litakudanganya.

*Nataka wanafunzi wapime mvua, shule haina fedha ya kifaa. Je, kopo linafaa? – Mwalimu, Nachingwea*

Linafaa sana, mwalimu. Kipimamvua cha kawaida kina mdomo wa milimita 127, ukingo ukiwa sentimita 30 juu ya ardhi. Kopo lenye mdomo wa sentimita 10 lina eneo la sentimita za mraba 78.5, hivyo milimita moja ya mvua ni mililita 7.85. Nyonya maji kwa bomba jipya la sindano lisilo na sindano, jumlisha mililita, gawanya kwa 7.85. Mililita 94 ni milimita 12. Ukipima hivyo, kitako kilichobonyea hakidhuru. Ila mdomo ukipinda, hesabu yote imeharibika.

Lifunge kwenye mti uliochomekwa imara, ukingo wa kopo ukipita ncha ya mti ili matone yasirukie ndani. Mkorosho wa mita 6 uwe mbali angalau mita 12. Soma kila siku saa 3 asubuhi, kisha mwaga maji. Pasipo mvua andika 0.0. Asiposoma mtu, weka kistari, kamwe si sifuri, maana sifuri ya uongo humpa mtafiti ukame ambao haukuwapo. Maji ya Ijumaa asubuhi hadi Jumatatu asubuhi yaandikwe kuwa ni jumla ya siku tatu.

Kopo likihamishwa, au mwembe wa jirani ukikua, andika tarehe. Watafiti hujumlisha mvua ya kituo mwaka hadi mwaka na kuichora dhidi ya jumla za vituo jirani. Mstari ukikunjika ghafla, hurudi kwenye daftari kutafuta kilichotokea mwaka ule.