Maswali ya Wasomaji: Kwa nini Wamarekani waligombania ardhi isiyokuwa na watumwa?

SWALI: Ndugu Mhariri, mimi ni mwalimu wa historia, na kila mwaka wanafunzi hunibana kwa jambo moja. Abraham Lincoln alisema tangu wakati wa kampeni yake ya urais ya mwaka 1860 kwamba hakuwa na nia ya kuugusa utumwa katika majimbo ambamo ulikuwapo. Kama ni hivyo, majimbo ya kusini yalijitenga kwa kuogopa nini? Na kwa nini ugomvi uliotangulia Vita vya Wenyewe kwa Wenyewe vya Marekani ulihusu nyika za magharibi, ambako watumwa walikuwa wachache mno au hawakuwapo kabisa?
Mwalimu wa historia

JIBU: Mwalimu, wanafunzi wako wana haki ya kukubana. Ili kuwajibu, waanzishe na hesabu ya viti vya Seneti kabla hujawapeleka kwenye mashamba ya pamba.

Katiba ya Marekani inalipatia kila jimbo maseneta wawili, liwe kubwa au dogo. Katika Baraza la Wawakilishi viti hugawanywa kwa idadi ya watu, na ingawa kila watumwa watano walihesabiwa kama watu watatu ili kuwaongezea mabwana zao wawakilishi, kaskazini ilizidi kukua na kulitawala baraza hilo. Ngao ya kusini ikabaki kuwa Seneti. Mwaka 1819 majimbo yalikuwa 22, yaani 11 yenye utumwa na 11 yasiyo nao, na hapo ndipo Missouri ilipobisha hodi ikitaka kuingia na watumwa wake. Mapatano ya mwaka 1820 yaliiruhusu, yakaiingiza Maine kama jimbo huru ili mizani isiyumbe, kisha yakachora mstari kwenye latitudo ya nyuzi 36 na dakika 30: katika ardhi iliyonunuliwa kutoka Ufaransa mwaka 1803, utumwa ulipigwa marufuku kaskazini ya mstari huo, isipokuwa ndani ya Missouri yenyewe. Kwa hiyo nyika tupu haikuwa tupu machoni mwa wanasiasa, kwa kuwa kila kipande chake kilikuwa maseneta wawili wa kesho.

Ilikuwapo pia sababu ya mfukoni. Majimbo ya zamani kama Virginia yalikuwa yakiuza watu kwa wingi kwenda kwenye mashamba mapya ya pamba, na ardhi mpya ilimaanisha wanunuzi wapya. Kuuzuia utumwa usienee kulikuwa kuishusha bei ya binadamu waliohesabiwa kuwa mali, na kufikia mwaka 1860 binadamu hao walikaribia milioni 4.

Vita dhidi ya Mexico, vya mwaka 1846 hadi 1848, viliyatibua mapatano hayo kwa kuleta eneo kubwa ambalo mstari wa 1820 haukulihusu. David Wilmot, mbunge wa Pennsylvania, alipendekeza utumwa usiruhusiwe katika ardhi yoyote itakayotwaliwa. Baraza la Wawakilishi likakubali, Seneti ikakataa. Usiwaache wanafunzi wakidhani kwamba kila aliyepinga kuenea kwa utumwa aliwahurumia watumwa, kwani Wilmot mwenyewe alitaka ardhi ile ibaki kwa ajili ya wafanyakazi Weupe. Mwaka 1850 California iliingia bila utumwa, na kusini ikafidiwa kwa sheria kali ya kuwarudisha watoro, ambayo ilimnyima mtuhumiwa haki ya kujitetea kwa ushahidi wake mwenyewe na kumlipa mwamuzi dola 10 akimrudisha mtu utumwani lakini dola 5 tu akimwachia. Sijui kama panahitajika maelezo zaidi juu ya sheria hiyo.

Kosa kubwa kuliko yote, kwa maoni yangu, lilifanyika mwaka 1854. Seneta Stephen Douglas wa Illinois alipitisha sheria iliyoufuta mstari wa 1820 na kuwaachia walowezi wa Kansas na Nebraska waamue wenyewe kuhusu utumwa. Kwa maneno ilionekana demokrasia safi, lakini ilikuwa sawa na kutangaza mashindano ya nani atawahi kuijaza Kansas watu wake. Katika uchaguzi wa bunge la eneo hilo, Machi 1855, wapiga kura halali walikuwa 2,905, ila kura zilizopigwa zilikuwa 6,307, kwa sababu watu kutoka Missouri walivuka mpaka wakiwa na silaha, wakapiga kura na kurudi kwao. Kansas ikapata serikali mbili zinazohasimiana, kisha mauaji. Chama cha Whig, kimoja kati ya vyama viwili vikubwa vya wakati huo, kilisambaratika, na Chama cha Republican kikazaliwa kikiwa na dai kuu moja: utumwa usivuke ulipofika.

Machi 1857 Mahakama ya Juu, chini ya Jaji Mkuu Roger Taney, iliamua katika kesi ya Dred Scott, mtumwa aliyedai uhuru wake mahakamani, kwamba Congress, yaani Seneti na Baraza la Wawakilishi kwa pamoja, haina mamlaka ya kuuzuia utumwa katika maeneo ambayo bado hayajawa majimbo, na kwamba mtu Mweusi, awe mtumwa au huru, hawezi kuwa raia wa Marekani. Dai kuu la chama kipya likawa limetangazwa kuwa kinyume cha Katiba.

Sasa turudi kwa Lincoln. Mwaka 1860 alishinda urais kwa takriban asilimia 40 ya kura, na katika majimbo mengi ya kusini hakupigiwa hata moja, kwa kuwa hapakuwa na karatasi za kura zenye jina lake. Wakati huo majimbo huru yalikuwa 18 na yenye utumwa 15. Kusini iliona kwamba ngao ya Seneti imeanguka, na kwamba rais anaweza kupatikana bila ridhaa yake. Desemba mwaka huohuo Seneta John Crittenden wa Kentucky alipendekeza mstari wa zamani urudishwe na kuendelezwa hadi mpaka wa California. Lincoln, aliyekuwa tayari kulegeza mengine, aliwaandikia wenzake chamani wasikubali kabisa utumwa uenezwe. Carolina Kusini ilijitenga tarehe 20 Desemba, na Mississippi, katika tamko lake la Januari 1861, ilikiri waziwazi kwamba msimamo wake umefungamana na utumwa.

SWALI: Baada ya kushindwa kesi, Dred Scott alifia utumwani?
Msomaji wenu

JIBU: La. Mjane wa bwana wake wa awali alikuwa ameolewa na mbunge wa Massachusetts aliyepinga utumwa, na fedheha ya mpinga utumwa mwenye watumwa nyumbani kwake ilipojulikana, familia ya Scott ilihamishiwa kwa Taylor Blow wa St. Louis, aliyewaacha huru Mei 1857. Scott alifanya kazi ya upagazi hotelini, akafariki kwa kifua kikuu Septemba 1858. Mkewe, Harriet, aliishi hadi mwaka 1876.