Aikido kwenye dojo ndogo: tazama wanavyoshika na wanavyoanguka

Mkuu mleta mada, kwa nilivyokuelewa una maswali matatu. Umepata dojo (ukumbi wa mazoezi) ndogo ya aikido, sanaa ya mapigano ya Kijapani, yenye wanafunzi wasiofika kumi, umri wako umevuka 35, na hujawahi kucheza mchezo wowote wa mapigano. Unataka kujua kama itakusaidia kujilinda, kama udogo wa dojo ni kasoro, na mkanda mweusi unachukua muda gani. Waliotangulia kuchangia wamemaliza kwa sentensi moja: aikido ni maigizo, watu wanajirusha wenyewe. Mimi nimefanya aikido kwa miaka, sehemu kubwa kwenye dojo ya aina hiyo hiyo, ambayo jioni nyingine tulikuwa wanne pamoja na mwalimu. Wanaocheka wana hoja, ila wameishika nusu.

Mazoezi ya aikido yanafanywa wawili wawili. Mmoja anashambulia, huyo ni uke. Mwingine anafanya mbinu, huyo ni nage, na dojo nyingine humwita tori. Unafanya kulia na kushoto, mara nne hivi, kisha mnabadilishana. Maana yake nusu ya muda wako wote wa mazoezi wewe ndiye unayeangushwa, na unajua mapema mbinu gani inakuja. Hapo ndipo penye uzuri wa aikido, na uozo wake uko hapo hapo. Uke akishika kweli na kuendelea kushambulia mpaka balansi yake iondoke, nage anajifunza kitu. Uke akianza kuanguka kabla hajaguswa, wote wawili wanapoteza jioni yao.

Sasa hilo la kujirusha. Chukua mbinu iitwayo kotegaeshi. Kiganja chako kinageuzwa kuelekea nje, kifundo cha mkono kinajikunja mahali ambapo hakina nafasi tena ya kwenda. Ikifanywa taratibu, unakaa chini tu. Ikifanywa kwa kasi, una njia mbili: uruke mwili mzima uufuate mkono wako, au ubaki umesimama kifundo kipokee kila kitu. Uke mzoefu anaruka. Mtu wa nje anaona sarakasi, lakini aliyeruka anajua alichokikwepa. Kwa hiyo kuna kujirusha kwa kujilinda na kuna kujirusha kwa adabu, yaani ili mwalimu asiaibike. Cha pili kipo, na kipo sana, sikatai.

Ukienda kutazama darasa, basi, mkazie macho anayetupwa. Angalia shomenuchi, lile pigo la kushusha ukingo wa kiganja kwenye paji la uso. Jiulize: nage asingesogea, mkono ule ungemfika usoni au ungeishia hewani mbele ya pua yake? Angalia mshiko wa kifundo cha mkono: vidole vimekaza au vimewekwa tu juu ya ngozi? Na uke akishakosa shambulio la kwanza, je, anajigeuza amtafute tena nage, au anasimama kama mzigo akisubiri kubebwa? Dakika kumi zinatosha kupata jibu. Mwanafunzi mpya akishindwa kumwangusha mwenzake, tazama pia mwalimu anafanya nini. Wa maana anasogea karibu na kuwarekebisha wote wawili. Akimkemea uke kwa kuwa "mgumu", weka alama ya kuuliza.

Udogo wa dojo. Kwa maoni yangu hii ni faida kuliko ulivyofikiri, ila ina hatari yake.

Kwetu palikuwa na jamaa mmoja mwenye vifundo vinene ambaye nikyo haikumwingia. Nikyo inafanywa hivi: amekushika kola karibu na bega, unaubana mkono wake palepale kwenye mwili wako usichomoke, unaugeuza kidogo mpaka upande wa kidole chake kidogo utazame juu, kiwiko chake kikiwa kimekunjika. Kisha unainama kidogo kumwelekea, kana kwamba unamsalimu. Kwa watu wengi maumivu yanapanda ghafla na magoti yanakatika yenyewe. Kwa yule bwana, hakuna kitu. Alikuwa anakutazama tu. Kwenye dojo kubwa ningepanga foleni upande mwingine wa ukumbi. Kwenye dojo yetu nilikuwa naye kila wiki, hakuna pa kukimbilia. Mwalimu hakuwahi kutuambia tuongeze nguvu. Aliweka kidole kimoja kwenye kiwiko cha jamaa, akakisogeza ndani kiasi cha upana wa vidole viwili na kukishusha, akasema, "Haya, inama sasa." Akaenda chini. Siku hiyo nilielewa kuwa kifundo ni mlango tu, unayemtafuta ni bega, halafu kiuno. Jambo hilo huwezi kulipata kwenye video, na huwezi kulipata ukiwa safu ya tano kati ya watu arobaini. Linapitia mkononi. Kwenye darasa la watu wachache mwalimu anakushika na kukutupa yeye mwenyewe karibu kila kipindi, nawe unaonja mbinu inavyopaswa kuwa kabla hujaifanya.

Hatari yake ni mazoea. Baada ya mwaka unamjua kila mtu: huyu huegemea mbele, huyu huinua bega kabla ya kupiga. Unafikiri umeijua mbinu, kumbe umemjua Fulani. Dawa ni semina na kutembelea dojo nyingine. Muulize mwalimu kama wanafunzi wake huenda kufanya mazoezi kwingine. Mwalimu anayezuia wanafunzi kutoka, anayedai kuwatupa watu bila kuwagusa, au ambaye kila mara kuna mtu anatoka kwake na kiwiko kimefungwa bandeji, mwache. Kwenye dojo ndogo hakuna mwalimu wa pili wa kumwambia kaka, hapa umezidisha.

Muulize pia yuko chini ya tawi gani na nani alimpa daraja. Si ushamba kuuliza, kwa sababu aikido mbili zinaweza zisifanane kabisa. Mwanzilishi, Ueshiba Morihei (1883–1969), alipitia Daito-ryu, shule ya zamani ya jujutsu, kwa mwalimu Takeda Sokaku, na akaendelea kubadilika mpaka uzeeni, hivyo kila mwanafunzi wake mkubwa alichukua alichokikuta. Shioda Gozo, aliyesoma kwake kabla ya Vita vya Pili vya Dunia, alianzisha Yoshinkan mwaka 1955, na huko utakuta mazoezi makali yenye hatua zilizopangwa kwa hesabu. Tomiki Kenji alitoka kwenye judo, na tawi lake, Shodokan, lina mashindano, mmoja akiwa na kisu bandia laini. Saito Morihiro alibaki Iwama, mji mdogo wa Japani, na kushikilia silaha: jo, yaani fimbo, na upanga wa mbao uitwao bokken. Tohei Koichi alijitenga mwaka 1974 akajenga shule yake juu ya mafunzo ya ki, yaani nguvu ya ndani. Aikikai, iliyo kubwa kuliko zote, inaongozwa na mjukuu wa mwanzilishi, Ueshiba Moriteru, tangu 1999, na haina mashindano. Ukisikia mtu anasema "aikido iko hivi", muulize ya nani.

Kuhusu kujilinda nitakuwa mkweli. Kama una sababu ya kuhitaji kujilinda ndani ya miezi sita, nenda kwenye ndondi au judo. Huko kuna mtu anakupinga kwa nguvu zake zote mapema kabisa, na mwili unajifunza haraka. Aikido inafundisha polepole na sehemu kubwa yake haipimwi kwa upinzani wa kweli. Lakini si kwamba unatoka mikono mitupu. Unazoea kushikwa bila kuganda. Unazoea kutoka kwenye mstari wa shambulio badala ya kurudi nyuma moja kwa moja. Unajua umbali ambao mtu akivuka, mkono wake unakufikia. Na unajua kuanguka, jambo ambalo mimi nimelitumia nje ya dojo kuliko mbinu zote nikizijumlisha. Ngazi zenye maji hazina habari kama una mkanda gani.

Kuanguka kwenyewe ndiko kutakakoamua kama utabaki. Watu wa umri wetu hawaachi kwa sababu ya mbinu ngumu, wanaacha kwa sababu ya ukemi, yaani huko kuanguka kwa usalama. Ya mbele anza ukiwa umepiga goti. Mkono uwe wa mviringo kama ukingo wa ungo, ukingo wa kiganja uguse mkeka kwanza, halafu mkono wa mbele, bega, kisha mwili upite mgongoni kwa mshazari mpaka nyonga ya upande wa pili. Kichwa hakigusi kitu, kidevu ndani, macho kwenye fundo la mkanda wako. Ukirudi nyumbani ukakuta mchubuko kwenye ncha ya bega, ujue mkono ulikunjika ukaangukia bega moja kwa moja. Mchubuko ukiwa kwenye uti wa mgongo, ulibingirika wima badala ya mshazari. Ngozi inakuonyesha kosa kabla mwalimu hajaliona. Kwa ya nyuma, kunja mguu wa nyuma, kaa karibu na kisigino, bingirika. Hapa kuna sheria moja tu isiyo na mjadala: usiweke mkono nyuma kujizuia. Wageni wote wanataka kuuweka, na ndivyo vifundo vinavyovunjika.

Kizunguzungu kitakuja. Wiki za kwanza ukibingirika mara kadhaa mfululizo tumbo linageuka. Omba kupumzika, kaa pembeni, rudi. Hakuna atakayekucheka, wote wamepita hapo. Kisha kinapungua chenyewe bila kukuaga.

Mkanda mweusi: kwenye mfumo wa Aikikai unaanza na madaraja ya kyu, kwa kawaida kutoka kyu ya 5 kushuka hadi ya 1, halafu shodan, yaani daraja la kwanza la mkanda mweusi. Kanuni za makao makuu ya Tokyo zinahesabu siku za mazoezi, wala si miezi: 30 kwa kyu ya 5, kisha 40, 50, 50 na 60 kwa zinazofuata, na 70 baada ya kyu ya 1 ndipo uruhusiwe mtihani wa shodan. Jumla 300. Ukienda mara mbili kwa wiki bila kukosa ni kama miaka mitatu, na hakuna mtu mwenye kazi na familia asiyekosa. Hicho pia ni kiwango cha chini, mwalimu anaweza kukusubirisha. Ukiambiwa mitano usishangae. Ukiahidiwa mmoja, shangaa. Hakama, lile vazi jeusi pana la chini, dojo nyingi hulivaa kuanzia shodan, lakini si zote.

Vifaa visikuumize kichwa. Anza na suruali ndefu ya mazoezi na fulana yenye mikono. Ukishaamua kubaki tafuta dogi (vazi la mazoezi) ya judo. Zile nyepesi za karate huchanika begani maana aikido ni kushikwa na kuvutwa. Jo na bokken utaazimwa. Kata kucha za mikono na miguu, vua pete na saa. Hili wageni hulisahau na mwenzao ndiye anayechubuka.

La mwisho ni magoti. Kuna kukaa seiza, yaani kupiga magoti na kukalia visigino, kuna kutembea kwa magoti, na kuna mbinu zinazofanywa wote mkiwa mmepiga magoti. Kwa aliyeanza akiwa mtu mzima hapo ndipo panapouma kuliko pote, na mkeka mgumu unaongeza. Kama goti lako liliwahi kuumia, mwambie mwalimu kabla ya darasa la kwanza. Wengi watakuruhusu kufanya ukiwa umesimama na kukaa miguu imekunjwa ya kawaida. Asiyeruhusu, umeshapata jibu lako kuhusu dojo hiyo.

Ukishakwenda kutazama, rudi hapa utuambie ni tawi gani na wanashikaje. Jina la mwalimu usilitaje.