Maswali ya wasomaji: Meseji za "ripoti yako bado" haziniachi nipumue

Safari hii barua nyingi zimetoka kwa wenzetu wa kazi ya mteja wa siri, yaani wale wanaoingia dukani, benki au hotelini kama wateja wa kawaida kabisa halafu wanaandika ripoti ya walivyohudumiwa. Karibu wote wanalia na kitu kimoja, dedilaini na zile meseji za kukumbusha.

SWALI: Habari za kazi, na hongera kwa safu nzuri. Mimi nimeanza kazi ya mteja wa siri hivi karibuni na naipenda kweli, shida yangu ni hizi meseji. Natoka tu kwenye ziara hata sijakaa chini simu inalia, "ripoti yako inasubiriwa", usiku inaingia nyingine, asubuhi imekuja ya maandishi mekundu kwamba nimechelewa, wakati ripoti nimeijaza mpaka swali la mwisho na niliisevu usiku uleule. Nikaijibu ile imeli nikajieleza vizuri tu, kimya, halafu baada ya muda ikaja meseji ileile neno kwa neno. Hawa watu hawasomi? Au ndio nimeshachafua jina?

JIBU: Pole sana, na tuanze na hilo linalokuumiza, hakuna mtu aliyekudharau hapo. Hizo meseji hazitumwi na mtu. Ni sistimu, imepangiwa masaa yake, na saa ikifika inaangalia kitu kimoja tu, kazi hii amepewa fulani, je ripoti imeshatumwa au bado, kama bado inatuma meseji, basi. Haijui kama umejaza nusu au yote, haijui kama umeme umekatika, na ile anwani inayotumia mara nyingi hakuna anayeifungua, kwa hiyo maelezo yako yote pengine hayajasomwa na yeyote.

Sasa rudi kwenye ulichoandika mwenyewe, "niliisevu". Nahisi tatizo liko hapo. Kwenye fomu nyingi za hizi kazi kuna kitufe cha kuhifadhi na kuna kitufe cha kutuma, ukihifadhi ripoti inabaki kwako kama rasimu na kwa upande wa sistimu wewe bado hujafanya kitu. Na kuna wakati mtu anabonyeza kutuma kabisa lakini kuna swali moja la lazima amelipita, au picha ya risiti haijamaliza kupanda, fomu inagoma, inaweka alama nyekundu huko juu ambako yeye haoni kwa sababu yuko chini ya ukurasa, anazima simu anaenda kulala akijua amemaliza. Ndio maana nasisitiza, ukishatuma rudi kwenye orodha ya kazi zako uangalie hali imebadilika, imeandikwa imetumwa au iko kwa mhariri, yaani yule anayekagua ripoti. Kama bado inasoma vilevile, ujue haijaenda.

Kuhusu jina, usiogope sana. Ingia sasa hivi utume, halafu muandikie mpangaji, yule mtu aliyekupa kazi, mawasiliano yake kwa kawaida yako kwenye ukurasa wa hiyo kazi au kwenye imeli ya kukukabidhi. Yeye ni binadamu, anasoma. Mwambie namba ya kazi, mwambie ripoti ilibaki kwenye rasimu na sasa imetumwa, inatosha. Mistari mitatu.

Halafu kuna meseji moja usije ukaichanganya na hizi, ile ya ripoti kurudishwa. Ukishatuma, ripoti inasomwa na mhariri, akikuta umesema mhudumu alikuwa mkarimu lakini kwenye maksi umejibu hapana, au muda ulioandika haulingani na risiti, anairudisha na maswali. Hiyo nayo inaweza kuja na sura ileile na anwani ileile ya sistimu, ila nyuma yake yuko mtu anakusubiri, na ina dedilaini yake ambayo mara nyingine ni fupi kuliko ya kwanza. Wengi wanaokosa malipo nadhani wanakosea hapa, wameshazoea kupuuza kila kinacholia.

SWALI: Kwani haraka yote ya nini? Ziara nimefanya, maelezo ninayo, nikituma baada ya siku tatu kuna ubaya gani? Na halafu dedilaini yenyewe sielewi inahesabiwaje, nilituma kabla ya saa sita usiku wakasema nimechelewa.

JIBU: Kampuni nyingi zinataka ripoti ndani ya masaa 12 au 24, nyingine zinasema kabla siku ya ziara haijaisha, na sababu zipo za kweli. Kwanza ni kumbukumbu yako wewe. Ripoti inauliza ulisimama kwenye foleni dakika ngapi, aliyekuhudumia jina lake lilisomekaje kwenye beji, alikusalimia yeye kwanza au wewe, sasa mambo ya namna hii baada ya kulala usiku mmoja tayari yanaanza kuchanganyika, baada ya siku tatu unaandika unachodhani, na kuna mfanyakazi ambaye ripoti hiyo inaweza kumgusa kwenye kazi yake. Hilo mimi nalichukulia kwa uzito mkubwa. Usimuandikie mtu kosa ambalo hulikumbuki vizuri. Pili, mwenye biashara anataka kuongea na wafanyakazi wake wakati siku ile bado wanaikumbuka, na kabla ripoti haijamfikia lazima ipite kwa mhariri.

Kuhusu kuhesabu, kuna vitu viwili vya kuangalia kwenye maelekezo kabla hujatoka nyumbani. Masaa yanaanza pale ulipomaliza ziara au mwisho wa siku? Ukimaliza saa nne asubuhi na una masaa 12, dedilaini yako ni saa nne usiku, sio saa sita. Kingine ni saa za wapi. Kampuni ikiwa nchi nyingine sistimu inaweza kufuata saa za huko, na zipo nchi zinazosogeza saa mbele na nyuma kila mwaka, kwa hiyo tofauti uliyoizoea inabadilika bila wewe kujua. Ukiona ukurasa hausemi, muulize mpangaji mara moja, uandike mahali.

SWALI: Nikiumwa au intaneti ikikata nifanyeje? Mwenzangu mmoja kaniambia nibadilishe tu tarehe ya ziara kwenye fomu ionekane nilienda jana.

JIBU: Usifanye hivyo, tafadhali. Risiti ina tarehe na saa, picha uliyopiga kwa simu mara nyingi inabeba muda wake ndani na pengine hata mahali ulipopigia, na mhariri kazi yake ni kulinganisha. Kuchelewa kunasameheka, tarehe ya uongo inaweza kukufungia akaunti.

Omba muda kabla dedilaini haijapita, hapo ndipo kuna tofauti kubwa. Mpangaji akijua masaa mawili mapema anaweza kukuongezea muda kwenye sistimu, na akiuongeza meseji nazo zinafuata tarehe mpya. Mpe saa kamili utakayotuma, usiseme "nikipata nafuu". Na kama ni ziara yenyewe huwezi kuifanya, sema mapema apewe mwingine, kurudisha kazi sio dhambi, kinachoudhi ni kupotea kimya na kazi ya watu mkononi.

SWALI: Nafanya kazi na kampuni kadhaa na simu imejaa vikumbusho mpaka sijui kipi ni cha nani. Nizime vyote?

JIBU: Usizime, utazima na zile ripoti zilizorudishwa. Tengeneza folda kwenye imeli kwa kila kampuni, halafu uwe na kalenda yako mwenyewe ambayo ndiyo unaifuata, kila ziara iandikie siku ya kwenda, saa ya mwisho ya kutuma, na siku inayofuata kama ya kuangalia maswali ya mhariri. Ukiwa unatuma kwa wakati vikumbusho vingi hata havikufikii, maana sistimu haina cha kukukumbusha.

Ila ukweli nadhani umechukua ziara nyingi mno. Watu wanahesabu muda wa kwenda na kurudi, wanasahau kuandika, na ripoti ndefu yenye maelezo inaweza kukuchukua muda mrefu kuliko ziara yenyewe. Mimi ningesema usichukue ziara kwa siku moja zaidi ya zile utakazoweza kuziandika usiku huohuo. Soma maswali yote kabla hujaenda, ukitoka tu jirekodi sauti kwenye simu ukiwa umeshafika mbali, na maelezo marefu yaandike kwenye apu ya noti ndipo uyahamishie kwenye fomu, kwa sababu kurasa nyingine zinakutoa ukikaa sana na kazi yote inapotea.

SWALI: Nimepata meseji inasema ripoti yangu imechelewa nibonyeze linki niingie, lakini hiyo kazi siikumbuki kabisa. Nibonyeze?

JIBU: Hapana. Fungua akaunti yako kwa kuandika anwani mwenyewe au kupitia apu uliyoizoea, kazi isipokuwepo kwenye orodha yako basi sio yako. Matapeli wanajua tunaishi kwa kuogopa dedilaini, wanaitumia hiyo hiyo hofu. Wengine wanakwenda mbali zaidi, wanakutumia hundi uiweke benki kisha haraka ununue kadi za zawadi uwatumie namba zake, na hundi inakuja kugundulika feki wakati hela yako imeshaondoka. Kampuni halali haikutozi ada ya kujiunga wala haikutumii hundi uitoe na kuirusha kwa mtu. Kama ulishaibonyeza na kuweka neno la siri, libadilishe sasa hivi, na popote pengine unapotumia hilohilo libadilishe pia, halafu mjulishe mpangaji wa kampuni halisi ili awaonye wengine.