Ukiulizwa kitandani, ukiulizwa nyumbani

*Maswali ya wasomaji yanajibiwa na mkunga mstaafu*

Shikamoo Mama Mkunga. Mwezi wa tatu nilijifungua mapacha katika hospitali moja huku kwetu. Asubuhi ya kuruhusiwa, dada mmoja mwenye kishikwambi alikaa pembeni ya kitanda akaniuliza: ulifokewa? Ulifunikwa? Uliachwa peke yako? Nikamjibu kila kitu kilikwenda salama. Ukweli ni kwamba nilipokuwa nalia uchungu, nesi aliniambia, "Siku ile ulipokuwa unaitafuta mbona hukulia?" Na pacha wa kwanza alitoka nikiwa na mama mwenzangu tu wa kitanda cha pili. Sasa roho inanisuta. Nimewaharibia utafiti wao? Na majibu yale yanakwenda wapi? — Mama Mapacha

Marahaba mwanangu, na hongera ya watoto. Hukuharibu kitu. Umejibu kama walivyojibu wengi kabla yako, na watafiti wanalijua hilo. Wapo hata waliolipima.

Mimi nililiona kwa macho. Nilipostaafu nilichukuliwa miezi miwili kuwa mdodosaji kwenye utafiti kama huo. Nikamkuta binti mmoja, mtoto kifuani, kanga bado mbichi. Nikamuuliza, "Kuna mtu alikupiga au kukufinya?" Nesi wa zamu akawa anapita na toroli ya dawa. Binti akasema hapana, lakini macho yake yalikuwa kwa nesi. Nikajaza "hapana", maana ndilo nililoambiwa. (Sijisafishi. Miaka yangu ya leba nimewahi kufoka, tena kwa maneno ambayo leo nisingependa mkwe wangu ayasikie.)

Sasa sikiliza ya Tanga. Mwaka 2011 na 2012, Taasisi ya Afya Ifakara na Chuo Kikuu cha Columbia cha Marekani waliuliza wanawake katika mradi ulioitwa Staha, huko Korogwe na Muheza. Wanawake 1,779 waliulizwa walipokuwa wanatoka kwenye vituo vinane vya afya. Baada ya wiki 5 hadi 10, 593 miongoni mwao wakafuatwa nyumbani na kuulizwa tena. Kituoni, kama 19 kati ya kila 100 walisema walitendewa vibaya: kufokewa, kupuuzwa, kupigwa, kuachwa peke yao. Nyumbani wakafika 28.

Leba ni ileile, wakunga ni walewale. Sababu za kitaalamu wanazo wenyewe, mimi nakupa za wodini. Mama anayeondoka na mtoto mzima ana furaha, na pengine aliyemfokea ndiye huyohuyo aliyemkata mwanawe kitovu. Wiki ya sita anatakiwa arudi palepale kwa chanjo. Nani agombane na mlango atakaoupita tena? Akishafika nyumbani, mtoto amelala, jirani naye kasimulia ya kwake, ndipo anagundua kwamba alichokidhani ni kawaida ya kuzaa hakikuwa kawaida hata kidogo.

Umeuliza majibu yanakwenda wapi. Mengi, nakwambia bila kuficha, yanaishia kwenye majarida ya Kiingereza ambayo hata sisi wakunga hatuyaoni. Ya Tanga yalirudi wodini. Zilichukuliwa hospitali mbili: moja ikafanyiwa mabadiliko, nyingine ikaachwa ilivyo. Ingekuwa moja tu, halafu katikati serikali ikaongeza manesi, tungejuaje kilichosaidia ni mabadiliko au ni manesi? Wananchi na wahudumu wakakaa pamoja wakaandika mkataba wa huduma kwa mteja, kila upande ukitaja haki zake na wajibu wake. Kisha hospitali ikaanza kurekebisha mambo yake: mapazia kwenye vyumba vya kuzalia na vya kupimia, ushauri kwa mhudumu aliyeonyesha utovu wa staha, na chai kwa walio zamu. Hiyo chai msiicheke. Mtu aliyezalisha usiku kucha bila kutia kitu mdomoni, ulimi wake huwa na makali.

Matokeo yalitoka mwaka 2018 katika jarida la PLOS Medicine: uwezekano wa mama kutendewa vibaya, ukilinganishwa na ile hospitali nyingine, ulishuka kwa asilimia 66. Hapa wasomaji wengi huteleza. Haina maana kwamba kati ya wanawake 100, 66 waliokoka. Ni kipimo cha kulinganisha, nacho wanatakwimu wana namna yao ya kukihesabu. Ila kupungua kulikuwa kukubwa, na kulionekana zaidi kwenye kupigwa na kutelekezwa.

Mama, hospitali yetu imebandika ukutani: "Asilimia 92 ya wagonjwa wameridhika na huduma zetu." Mke wangu alisubiri daktari tangu saa moja asubuhi hadi saa tisa. Niiamini? — Baba wa Watatu

Waulize maswali matatu tu. Nani aliuliza, mfanyakazi wao au mtu wa nje? Waliulizia wapi, dirisha la dawa au nyumbani? Na waliokata tamaa wakaondoka saa sita waliulizwa lini? Wakikujibu hilo la mwisho niandikie, kwa sababu mimi sijawahi kujibiwa.

Mimi nataka tu kusoma matokeo ya utafiti nilioshiriki. Nianzie wapi? — Msomaji wa siku nyingi

Anzia kwenye fomu ya ridhaa uliyosaini. Inapaswa kuwa kwa lugha unayoielewa, na nakala moja ni yako (wengi huifungia maandazi). Chini kuna namba za simu: ya mtafiti mkuu, na ya kamati ya maadili iliyoruhusu utafiti. Piga ya kwanza, sema, "Nilishiriki, naomba mrejesho kwa Kiswahili." Usione aibu, huombi msaada. Wasipopokea, piga ya pili.